Safari ya Lamu na Nyanya, na seva iliyojaa

Nina ugonjwa mmoja ambao nadhani wengi wetu tunaoandika programu tunao: sipo. Ukinikuta kibandani hapa Majengo nikila chapati na maharagwe, usidhani uko na mimi. Mwili uko pale, mkono unamega chapati, lakini kichwa kiko kwenye seva ambayo hata sijui imewekwa mji gani, kinajiuliza kama ile kazi ya usiku ilimalizika au ilikwama katikati. Na kama hakiko kwenye seva basi kiko wiki ijayo, siku ya kukabidhi kazi. Rafiki yangu wa tangu shule ya msingi aliwahi kuniuliza jambo mara tatu tukiwa meza moja. Mara ya nne akatoa simu akanipigia. Nikapokea.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba dawa yake ni kusafiri. Safiri, wanasema, utajifunza kuishi leo, ya jana na ya kesho yatakuondoka. Mimi sikuwa naamini, kwa sababu watu ninaowajua Pumwani hawasafiri kwa ajili ya leo. Jirani yangu alipopanda ndege kwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, safari yake yote ilikuwa ni kesho: karo ya watoto, ploti, nyumba ya mamake. Makanga wa matatu za Eastleigh anasafiri kutwa kucha na sijamsikia hata mmoja akisema amepata utulivu wa moyo.

Lakini Septemba 2024 nilimpeleka nyanya yangu Maulidi ya Lamu, na tangu hapo nina maneno. Leo acha niyatoe. Si ya teknolojia sana, ingawa kuna seva ndani yake, na hiyo seva ilikufa.

Kwanza Nyanya mwenyewe. Ana miaka themanini na kitu (kitu chenyewe hakijulikani, kitambulisho kinasema hivi, yeye anasema vile). Wazazi wake walikaa kile kijiji cha Pangani ya zamani, ambacho serikali ya mkoloni ilikibomoa mwishoni mwa miaka ya 1930, na yeye akazaliwa huku. Pumwani ilikuwa imeanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Waafrika wa mjini wakapewa viwanja wajenge wenyewe, na ndizo zile nyumba za Majengo za udongo na mabati: ukumbi mrefu katikati, vyumba kila upande, mwenye nyumba chumba cha mbele. Nyanya alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo, akaolewa katika nyumba ya namna hiyo, na kwa miaka mingi akawa ndiye mama wa chumba cha mbele. Mimi nimekua nikilala kwenye mkeka wake.

Ilianza kwa vitu vidogo. Chumvi mara mbili. Jiko kuachwa likiwaka. Kisha siku moja akatoka kwenda kumtembelea shoga yake mtaa wa pili, na nyumba ya shoga haikuwepo. Pale pana ghorofa sasa, na shoga mwenyewe alifariki zamani. Nyanya akasimama barabarani, buibui limejaa vumbi, akiwauliza watu wamepeleka wapi nyumba. Vijana wa boda boda wanaomjua ndio waliomleta.

Daktari akatueleza kwamba ubongo wake unashindwa kushika mambo mapya, lakini ya zamani sana bado yapo. Mimi nikamwelewa haraka, labda haraka mno, kwa sababu kazini nina mfano wake: kusoma bado kunawezekana, kuandika ndiko kumeharibika. Nilipofika nyumbani nikamweleza shangazi hivyo hivyo. Akaniangalia kwa muda. Akasema, "Huyo ni mama yangu, si tarakilishi."

Kitu ambacho daktari hakutwambia ni jinsi sisi wenyewe tutakavyobadilika. Nyumba nzima tulikuwa watahini. Kila anayeingia: "Nyanya, mimi ni nani? Nyanya, jana ulikula nini? Leo ni siku gani?" Tulidhani tunampenda, na tulikuwa tunampenda, lakini kutwa nzima alikuwa akifeli mitihani ambayo hakujiandikisha. Akaanza kunyamaza. Mtu asiyesema hafeli.

Kitu kimoja tu alikuwa akikiuliza yeye mwenyewe: "Mfungo Sita umeingia?"

(Hapa niruhusu niingize ya kwangu. Sisi waandishi wa programu tunateswa na saa na tarehe kuliko kitu kingine chochote. Kuna hifadhidata ya kanda za saa ambayo simu na tarakilishi nyingi duniani huitumia, na ukifungua mstari wa Nairobi utakuta kwamba kuanzia 1937 hadi katikati ya 1942 saa zetu zilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45. Mbili na robo tatu! Fikiria kuandika programu ya mishahara wakati ule. Nayo mifumo mingi huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, saa sita usiku ya Greenwich, ambayo kwetu Pumwani ilikuwa saa tisa usiku, watu wamelala. Sasa mlinganishe na Nyanya. Yeye huhesabu miezi tangu mfungo wa Ramadhani ulipomalizika: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, mpaka Mfungo Sita ambao ndio mwezi wa Maulidi. Saa anaihesabu tangu jua lilipochomoza. Siku kwake huanza magharibi. Hesabu yake yote imeanza karibuni, kwa kitu alichokiona kwa macho yake. Yangu imeanza kabla sijazaliwa, na mahali nisipopajua.)

Basi Mfungo Sita ulikuwa umeingia. Nyanya aliwahi kwenda Lamu mara moja akiwa mke kijana, na kina mama wenzake wa Majengo. Msikiti wetu hapa unaitwa Riyadha, na ule wa Lamu ulioanzishwa na Habib Swaleh unaitwa Riyadha, na kichwani mwa Nyanya hii ni misikiti miwili yenye ua mmoja. Akanishika mkono siku moja akasema, "Mume wangu, nipeleke." Wajukuu wa kiume ndivyo anavyotuita, na hujui uzito wa jina hilo mpaka uombwe kitu nalo.

Shangazi alikataa. "Utampeleka mgonjwa safari ya siku mbili, azinduke njiani hajui yuko wapi?" Ilikuwa hoja nzito, sikuwa na jibu. Nikakata tiketi usiku, nikamwambia asubuhi.

Na nisijifanye mwema. Nilikuwa na mpango wangu. Nilinunua kinasa sauti kidogo na nikaandika maswali arobaini: nani alijenga nyumba, vyumba vilipangishwa na nani, ploti ilipatikanaje. Watu walikuwa wameanza kuja kuulizia ile ploti, na nilitaka yatoke kinywani mwake kabla hayajafutika. Yaani hata safari yenyewe niliifunga kama kazi: kuhamisha data kabla diski haijafa.

*

Pale kituo cha treni cha Syokimau abiria hupanga mizigo chini kwa mstari, halafu mbwa wa polisi hupita akinusa. Mimi nilikuwa nimesahau jambo hilo. Nyanya alipomwona mbwa anakaribia mfuko wenye mswala wake, aliunyanyua akauweka kichwani, akasimama wima kama mtu aliyetoka mtoni na maji.

"Mama, weka chini," polisi akasema.

"Huyo ametawadha?"

Mstari mzima ukacheka, na polisi naye. Afisa mwanamke akaja akaukagua ule mfuko kwa mikono. Nikaangalia saa yangu, tuna dakika ishirini, moyo unaenda mbio. Nyanya alikuwa anamuuliza yule afisa ameolewa wapi.

Tiketi iliandikwa 08:00 na saa mbili kamili tukaondoka. Kwa wasiojua, treni hii mpya ilianza 2017, mwaka ule ule ile ya zamani ya usiku iliposimama, na hufika Mombasa kwa saa tano sita hivi. Nyanya alikuwa akingoja kuletewa shuka. Nilimweleza kwamba siku hizi hakuna kulala, tutafika mchana. Akasema basi hii si safari, ni matembezi.

Halafu maswali yakaanza. "Hapa ni wapi?" Athi River. Baada ya dakika kumi, "Hapa ni wapi?" Nikahisi ule uchovu wa nyumbani unanipanda mabegani. Emali. "Hapa ni wapi?" Kibwezi, Nyanya. Na kabla sijamalizia, mzee mmoja wa kiti cha mbele akageuka: "Umesema hapa ni wapi?" Mtoto wa dirisha la pili naye akamuuliza mamake swali lile lile, na mamake akachungulia nje, akakosa jibu, akanitazama mimi.

Nilikaa nikalifikiria hilo mpaka Mtito Andei. Ndani ya behewa lile lote hapakuwa na mtu anayejua tuko wapi, na hakuna aliyeona haya. Swali ambalo Majengo ni dalili ya ugonjwa, kwenye treni ni mazungumzo. Nyumbani kila kitu nakisoma kutoka akiba. Mlango, kona, kibanda, sura ya jirani, sivitazami kabisa, kichwa kinanipa nakala ya jana na mimi naridhika nayo, ndiyo maana kina nafasi ya kwenda kukaa kwenye seva. Nyanya akiba yake imevurugika. Anaifungua anapewa Majengo ya mwaka 1960, anatoka nje anakutana na ghorofa, na pale anapotea. Lakini safarini hata mimi sina nakala ya kitu chochote. Inabidi nitazame. Tulikuwa sawa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu.

Tukaingia Tsavo. Msomaji kama hujawahi kuwaona, ndovu wa kule ni wekundu kwa sababu ya udongo wanaojimwagia. Nyanya akashika kioo kwa mikono miwili. "Tazama! Wamepakwa hina!"

Tuliona ndovu mara tatu siku ile. Mara zote tatu alishtuka vile vile, akafurahi vile vile, akanivuta shati vile vile. Mimi mara ya kwanza nilitazama. Ya pili nilikuwa napiga picha. Ya tatu nilikuwa nimeinamisha kichwa natafuta mtandao, kwa sababu mteja wangu alikuwa ameniandikia kwamba ripoti zinachelewa kidogo, na nilikuwa namjibu kwamba nitaangalia kesho.

Kuhusu hii "kesho" nitarudi.

Mombasa tulilala kwa jamaa zetu, mtaa wa Majengo. Nyanya akauliza tuko wapi, nikamwambia Majengo, akaridhika kabisa akalala. Usiku ule nilijaribu maswali yangu arobaini. Swali la kwanza alinijibu kwa kuniuliza kama nimekula. La pili alisinzia.

Alfajiri tukapanda basi la Lamu. Malindi, kisha nyika, kisha Garsen na daraja la mto Tana. Baada ya hapo mtandao ukaanza kukatika na mwisho ukatoweka. Nitakueleza ukweli, nilipata kitu kama homa. Nikaizima simu nikaiwasha. Nikaiinua juu. Mara mbili tatu nikahisi inatetemeka mfukoni, nikiitoa haijatetemeka. Jamaa aliyekaa nami, mfanyabiashara wa samaki, akaniambia kwa huruma, "Weka tu ndugu yangu. Hata ukiitazama namna gani."

Njia ile ina vizuizi vya usalama, hasa tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014. Mahali fulani kabla ya Witu tukateremshwa sote, vitambulisho mkononi, tupite kwa miguu tupande upande wa pili. Wazee waliruhusiwa kubaki ndani. Nyanya alikataa kubaki. Akashuka, akashika mstari, jua kali, na basi zima likapunguza mwendo kwa ajili ya hatua zake. Askari kijana, bunduki karibu imzidi urefu, akamwamkia shikamoo. Watu walikuwa kimya. Hakuna aliyekuwa anawaza wiki ijayo pale. Hofu nayo hukuleta kwenye sasa hivi, na upesi kuliko mandhari yoyote, hili wale wanaosifu safari huwa hawalitaji. Tulipopanda tena yule mfanyabiashara akatoa mahamri akagawia viti vya jirani, na sijui kama nimewahi kula mahamri yenye ladha kama ile. Sikumbuki nikiwaza kitu kingine wakati nayala, na hilo kwangu ni tukio.

*

Mtandao ulirudi Mokowe, ambako basi huishia na bahari huanza. Simu ikalia mfululizo kama cherehani. Ujumbe kumi na saba.

Maelezo mafupi kwa wasio wa fani. Kila seva huandika kumbukumbu za kila inachofanya: nani ameingia, nini kimeombwa, nini kimekataa. Faili hizo zinakua kila siku, kwa hiyo unaweka kanuni: za wiki iliyopita finyaza, za mwezi uliopita futa. Ni kazi ya dakika kumi. Mimi nilikuwa nimeiahirisha kwa miezi minne, kila siku nikisema kesho. Diski ikajaa mpaka tone la mwisho, hifadhidata ikakosa pa kuandika, na mfumo mzima wa mteja ukasimama saa zile zile ambazo mimi nilikuwa nikitembea kwenye mstari karibu na Witu. Seva imekufa kwa kukumbuka kila kitu. Nilikuwa na nyanya upande mmoja na seva upande wa pili na nilitamani wangegawana.

Tukavuka kwa mashua, Nyanya katikati na jaketi la kuokolea juu ya buibui, mkono wake mmoja ndani ya maji. Sikuuona mji wa Lamu ukitokea. Nilikuwa najibu ujumbe. Najua kwamba unatokea vizuri sana kutoka baharini kwa sababu niliuona wakati wa kuondoka.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa Langoni. Nikamkalisha Nyanya chini ukumbini, nikampa chai, nikamwambia, "Nyanya, kaa hapa, narudi sasa hivi." Nikapanda darini na laptopu (kipakatalishi, kama wasemavyo walimu wetu wa Kiswahili), nikaiunganisha na simu, nikaanza kufuta. Ilinichukua dakika arobaini. Mfumo ukasimama tena wima. Nikamwandikia mteja kwa heshima, nikafunga, nikashuka.

Kikombe kilikuwepo. Nyanya hakuwepo.

Mji wa Lamu hauna magari, hilo ndilo lililoniokoa nisianguke pale pale. Lakini una vichochoro, na vichochoro vingine punda wawili wenye mizigo hawapishani. Nilikimbia kushoto, nikarudi, nikakimbia kulia. Kila buibui jeusi lilikuwa Nyanya mpaka ligeuke. Nikafika ukutani baharini nikatazama maji, na sitaki kuandika nilichowaza. Shangazi alikuwa kichwani mwangu akisema sentensi ile ile. Niliwauliza watu kwa Kiswahili changu cha Nairobi, pumzi zimeniisha, mpaka mtoto wa kama miaka kumi, anaendesha punda wa mchanga, akasema, "Bibi wa Nairobi? Yuko kule barazani," akanielekeza kwa fimbo.

Alikuwa amekaa kwenye baraza la mawe nje ya nyumba ya watu, kina mama wanne wamemzunguka, mkono wake wa kulia uko mapajani mwa msichana anayempaka hina. Na alikuwa anazungumza. Sijamsikia akizungumza vile kwa mwaka mzima. Alikuwa akiwaeleza Majengo: nyumba ya shoga yake, kisima, mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua, nani alimtaka nani akamkosa. Yote kwa wakati uliopo. Nyumba ipo, shoga yupo, vitumbua vinauzwa. Na wale kina mama hawajawahi kufika Majengo, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyemkatiza kumwambia kwamba pale pana ghorofa. Walikuwa wanauliza tu, "Enhe? Na ikawaje?"

Zaidi ya nusu ya majibu ya maswali yangu arobaini yalitoka pale. Kinasa sauti kilikuwa darini, kwenye mkoba, karibu na laptopu.

Akaniona. Akanitazama kwa ukali wa zamani, ule wa chumba cha mbele.

"Ulikuwa wapi wewe?"

Msomaji, nilikuwa na jibu refu. Niliketi tu chini, kwenye ngazi ya baraza. Msichana akaendelea na hina.

*

Siku tatu zilizofuata nazikumbuka kwa namna ambayo sikumbuki mwezi mzima wa kazi. Watu wa Lamu wakitaka kusema leo husema "yeo", na Nyanya akalipenda hilo neno akawa analirudia kama peremende: yeo, yeo. Tulitazama mashindano ya punda pale ukingoni mwa bahari. Nyanya alichagua punda wake, punda akawa wa mwisho, akasema amechoka maskini, mpeni maji. Tuliwaona wazee wakicheza goma na bakora zao, taratibu, wamejipanga, hakuna anayeharakisha.

Usiku wa Maulidi, nje ya Riyadha, wanaume upande wao na wanawake wao, kwa hiyo ilibidi nimkabidhi kwa wale kina mama wa barazani na nikae mbali. Matari yakaanza. Mistari ya wanaume waliovaa kanzu nyeupe wakiyumba pamoja kama nyasi. Nilijua hataweza kufuata, nikawa natafuta kwa macho njia ya kwenda kumchukua. Baadaye mwenyeji wetu ndiye aliyenisimulia: Nyanya alisoma yote. Mwanzo mpaka mwisho, Kiarabu na Kiswahili, hakukosa hata pumzi, na pale waliposahau wengine walimtazama yeye. Nikatoka Lamu na sauti yake sina, si kwenye kinasa wala masikioni.

Simu niliizima siku ya pili. Sikufanya uamuzi wowote mkubwa, chaji iliisha na sikuinuka kutafuta soketi.

Turudi kwa mteja. Alisubiri nifike Nairobi, kisha akaniandikia mistari minne ya adabu kwamba wamempata mtu mwingine. Ilikuwa thuluthi mbili ya pato langu. Alikuwa na haki. Kosa lilikuwa langu, na halikuwa la kusafiri, lilikuwa la ile miezi minne ya kesho. Kwa hiyo usinisome kana kwamba ninakwambia utupe kazi uende baharini. Nilikopa kodi ya nyumba kwa miezi miwili, na msimbo ninaouandika sasa ni wa stoo ya duka la vitambaa Eastleigh, mwenyewe akinisimamia kwa nyuma akiuliza mbona hakuna kitufe chekundu. Seva yake nimeiwekea kanuni ya kufuta kumbukumbu. Niliiweka siku ya kwanza.

Ugonjwa wangu haujapona. Wiki moja tu baada ya kurudi nilipita njia yote ya Gikomba, kelele zote zile, seremala, marobota, mikokoteni, nikafika nyumbani na sikuwa nimeona kitu. Kitu pekee nilichobadilisha ni kwamba nimewakataza watu kumtahini Nyanya. Akiuliza hapa ni wapi, tunamjibu, kama kwenye treni. Shangazi alibisha siku mbili tatu, sasa ndiye hodari kuliko sote.

Siku ya tisa tangu turudi nilimkuta amekaa mlangoni, jua la jioni linampiga miguuni.

"Mume wangu," akasema. "Mfungo Sita umeingia?"

"Umeingia, Nyanya."

"Basi lini utanipeleka Lamu?"

Nilikaa chini. Nilikuwa nimepoteza kazi, nimekopa, nimegombana na shangazi, na hakuna hata tone lililobaki upande wake. Nikatoa simu nimwonyeshe picha, nikawaza, huo ni mtihani mwingine, nikairudisha mfukoni. Nikamwambia, "Tumekwenda, Nyanya. Tumerudi juzi."

Akaniangalia kama mtu anayetaniwa. Kisha akatazama mikono yake, akaigeuza. Hina ilikuwa imeanza kufifia kwenye viganja lakini kwenye kucha bado ilikuwa nyekundu kabisa.

"Hii nani kanipaka?"

"Msichana mmoja, barazani. Ulikuwa unawaeleza habari za vitumbua."

"Mwongo wewe," akasema, akacheka. Akanipa mkono niushike niitazame vizuri.